Macho Chini na Gwaride la Nyuso

Watu wa mtaa walimwita fundi viatu wao Macho Chini, na walimpenda kwa sababu isiyo ya kweli. Walidhani ni mnyenyekevu. Ukimpelekea kiatu hakuinua kichwa. Alikipokea, akakigeuza, akaibonyeza soli kwa kidole gumba, akauliza, "Nyumbani hawajambo?" kisha akangoja ujibu. Muuza mboga wa pale kona aliwahi kumwambia mwanawe, "Mwangalie yule fundi. Hamkodolei mtu macho. Hayo ndiyo malezi." Fundi alisikia, akainama zaidi, maana sifa ya bure haikataliwi.

Ukweli ni kwamba Macho Chini hakuinua macho kwa sababu kuyainua hakukumfaa kitu. Nyuso za watu hazikumkaa kichwani. Aliona pua, aliona macho, aliona mdomo, kila kitu mahali pake, wala hakuhitaji miwani. Lakini mtu huyohuyo akienda dukani na kurudi, alirudi mgeni. Kwa hiyo ile "Nyumbani hawajambo?" ilikuwa mtego. Ukifungua mdomo kujibu, sauti yako ilikutaja. Na mara nyingi hata sauti haikuhitajika, kwa sababu viatu vyako vilikuwa vimeshakutaja kabla hujafika.

Alijigundua akiwa na miaka saba. Sokoni alimshika mama yake mkono, wakatembea pamoja hadi nyumbani, na walipofika mlangoni ndipo akaona kwamba nyumba si yao na mama si wake. Yule mama wa watu naye hakuwa na neno, alidhani kapata mtoto mwema wa kumsaidia kikapu. Mama yake halisi alizunguka mtaa mzima akilia, akamkuta ameketi kwa watu anakula mkate, akamchapa, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo mtoto akaanza kuangalia miguu. Miguu hainyoi ndevu, haisuki nywele, haivai miwani ya jua. Na mtu anayeangalia miguu kutwa kucha atakuwa nani kama si fundi viatu?

Siri hiyo alikua nayo na akaota nayo mvi. Siku moja, katika duka la nguo, alikutana uso kwa uso na bwana mmoja, akampisha. Bwana naye akampisha. Akasogea upande, bwana akasogea upande huohuo. "Pita, ndugu yangu," fundi akasema kwa adabu zote. Ndipo alipoangalia chini akaona viatu vya yule bwana, na vilikuwa vyake mwenyewe. Alikuwa akipishana na kioo. Hilo hakumsimulia mtu, hata mkewe. Hasa mkewe.

Mkewe alishona vifungo katika karakana ya sare za shule, vifungo mia tatu kwa siku, na Mungu alikuwa amempa uso uliokasirika kabla ya sababu. Pembe za mdomo zilishuka, nyusi zilikaribiana. Akifurahi alionekana amenuna, na akinuna kweli watu walihama upande wa barabara. Shuleni walimwita Ndimu. Kwenye foleni walimpisha, wakidhani amekuja kugombana. Wachumba wawili walifika kwao, wakamtazama, wakakumbuka shughuli nyingine. Na hapo ndipo ilipoanzia hadithi aliyoipenda kuliko vitu vyote alivyokuwa navyo.

"Nilipeleka viatu kwa fundi mpya," alikuwa akisimulia, kwenye harusi, kwenye vikao vya ukoo, kwa wifi yake aliyekwisha kuisikia mara hamsini. "Fundi akainua kichwa, akaniangalia hapa, hapa usoni, akatabasamu. Tabasamu la kweli! Wenzake wote waliuona uso, yeye akamwona mtu." Kisha alimtazama mumewe, na watu wanasema wakati huo tu ndipo zile nyusi ziliachana.

Macho Chini akiisikia hadithi hiyo, macho yalishuka mpaka kwenye kucha zake. Ni kweli alitabasamu siku ile. Alitabasamu kwa sababu alidhani ni yule mama wa duka la dawa, mteja wake wa zamani. Miaka kumi na tisa ya ndoa, watoto watatu, nyumba ya vyumba viwili yenye bati jipya, vyote vilikuwa vimejengwa juu ya tabasamu la mtu mwingine. Sasa wewe ungeanzia wapi kulisema hilo?

Basi alasiri moja, mwalimu mstaafu, bibi aliyeifundisha nusu ya mtaa kusoma na nusu nyingine kuogopa, alikuwa akitoka duka la dawa na mkoba wake kwapani. Mtu akaupora. Mwizi akakimbilia upande wa kibanda cha fundi, akapiga teke kopo la misumari, misumari ikamwagika, akaikanyaga, akapita. Fundi alikuwa kwenye kigoda chake kifupi, kazi iko magotini, na alichokiona ni jozi ya viatu vya ngozi vya kahawia, cha kushoto kimeshonwa ncha kwa uzi mweupe.

Uzi ule aliujua. Alikuwa ameushona yeye wiki tatu nyuma, uzi wa kahawia ulipomwishia, na mwenye kiatu akasema kwa upole, "Haidhuru, fundi, kazi yako ni safi hata ikiwa nyeupe." Mwenye kiatu alikuwa kijana wa bima aliyepita nyumba hadi nyumba, ambaye mtaa mzima ulimwita Mtanashati. Kijana huyo alikuwa na uso ambao akina mama waliufungulia mlango kabla haujabisha. Mwalimu mwenyewe, asiyemkaribisha hata mjukuu bila kumwuliza jedwali la saba, alikuwa akimpa kiti.

Fundi hakuujua uso huo, lakini naye alimpenda kijana, kwa sababu zake. Mtanashati alipaka viatu rangi mpaka nyuma ya kisigino, mahali ambapo watu wengi hawafiki. Na fundi alikuwa na imani yake aliyoihubiri kwa kila aliyeketi pale: anayesafisha kisigino hawezi kuiba. Mnamwona? Miaka yote aliwacheka moyoni wanaohukumu watu kwa nyuso, huku yeye akiwahukumu kwa soli. Nyani haoni kundule.

Wakati huo huo alikuwa akipita Radi, hamali wa mkokoteni. Radi hakupewa jina hilo kwa sauti, maana sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu anayeomba chumvi. Alipewa kwa uso. Juu ya jicho la kulia alikuwa na kovu refu, meno mawili ya mbele yalikwenda na gunia lililomwangukia, na macho yalikuwa mekundu kwa vumbi la saruji. Watoto walimkimbia. Fundi alimjua kwa ndala zake, zilizolika sawasawa pande zote, ndala za mtu asiyemsukuma mtu. Radi aliposikia "Mwizi! Mwizi!" aliacha mkokoteni katikati ya njia, akamkimbiza mwizi.

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Mwizi alikata kona na kupotea, na waliotoka madukani walimkuta Radi peke yake anakimbia na uso ule. Wakamrukia. Ndala zikapotelea miguuni mwa watu.

"Ndiye!" mwalimu akasema, anahema. "Sura ileile! Naijua mimi, siwezi kuisahau!"

Miwani yake ilikuwa ndani ya mkoba ulioibwa, lakini nani alikuwa na nafasi ya kuwaza miwani? Ushahidi ulikuwa umesimama mbele yao, una kovu na mapengo.

Polisi alipofika akamgeukia fundi. "Wewe ulikuwa hapa. Ni huyu?"

"Siye, afande."

"Una uhakika? Mwizi ulimwona usoni?"

Jibu la kweli lilikuwa mdomoni. Lakini kelele zilikuwa zimemfikia mkewe kule karakana, na alikuwa amesimama nyuma ya polisi, vifungo vimejaa mfuko wa aproni. Fundi alivitambua viatu vyake vyeusi vyenye bizimu ya shaba.

"Nilimwona," akasema.

"Vizuri. Keshokutwa utakuja kituoni, kwenye gwaride la utambuzi, utuonyeshe."

Siku mbili hizo fundi alipigilia msumari kidole chake mara nne. Kusema kwamba ni Mtanashati hakuthubutu: viatu huazimwa, viatu huuzwa, na ni nani angemwamini juu ya uso kama ule? Lakini hofu kubwa haikuwa hiyo. Watampangia watu wamsimamie mstari, naye atatakiwa amguse mwizi. Akikosa kumgusa mtu, Radi atakwenda jela kwa neno la mwalimu. Na akigusa kwa kubahatisha, ni nani alimhakikishia kwamba mkono wake hautaangukia kwa Radi huyohuyo?

"Mbona huli?" mkewe akamwuliza.

"Nawaza hilo gwaride."

"Wewe? Baba Watoto, katika mtaa huu wote kama kuna mtu anajua kuangalia uso ni wewe. Mimi si ndiye shahidi?" Akamnyooshea shati jeupe kwa pasi, akapiga kola mara mbili. Fundi akatamani ardhi ipasuke.

Inspekta wa kituo alikuwa mwanamke mfupi aliyependa haki mpaka ikawachosha waliokuwa wakihukumiwa. Kwa kuwa Radi ana kovu, alisema, shahidi atamtambua kwa kovu, na hiyo si haki. Basi wanaume wote wanane walibandikwa plasta juu ya jicho la kulia. Kwa kuwa Radi hana viatu, wote wakaamriwa kuvua. Wale saba wengine walikuwa watu wema walioombwa barabarani waje kujaza mstari. Mkewe fundi aliambiwa akae kwenye benchi la ukumbini, na kwa kuwa mlango haukufungika vizuri, aliona na kusikia kila kitu.

Fundi alipofika mlangoni alikuta viatu vya watu vimerundikwa ukutani, na moyo ukamtulia kidogo, alikuwa miongoni mwa jamaa. Hivi hapa vya mwoka mikate, vina unga kwenye mishono. Hivi vya kinyozi. Hivi vya karani wa posta, amekataa kubadilisha soli tangu mwaka juzi, atajuta. Na hivi...

Vya kahawia, vimesafishwa mpaka kisiginoni, na uzi mweupe kwenye ncha ya kushoto.

Fundi alisimama akasahau kupumua. Mwizi alikuwa mle chumbani, amekuja kuisaidia serikali.

"Ingia," inspekta akasema. "Pita mbele yao taratibu, angalia nyuso, ukimtambua mguse bega."

Akapita. Nyuso nane, plasta nane, kama mayai kwenye trei. Akarudi. Alipofika wa mwisho, wa kwanza alikuwa ameshamtoka. Mwalimu alikuwa pembeni amekaa kwenye kiti, anamwonyesha kwa kidevu upande wa Radi, ingawa bila miwani alikuwa akimwonyesha kinyozi. Kule mlangoni mkewe alimtikisia kichwa kumpa moyo. Fundi akakohoa, akapita mara ya tatu, na safari hii akafanya alichokifanya maisha yake yote. Akaangalia chini.

Na huko chini alikuwa nyumbani. Kumbe watu wote wako hapa! Wa tatu, visigino vimepasuka kwa saruji, vidole vimeshika sakafu kama vinaogopa kuanguka: Radi. Wa nne, mwoka mikate, kucha nyeupe. Wa sita alikuwa na miguu laini iliyotunzwa, lakini kidole kidogo cha kushoto kilikuwa na sugu, pale pale ambapo fundi alikitanua kiatu kwa kalibu ya mbao siku mbili nzima. Akapiga magoti.

"Fundi!" inspekta akasema. "Nyuso ziko juu!"

Akakigusa kile kidole kidogo. "Huyu, afande."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mtanashati alicheka vizuri kuliko wote, akaweka mkono begani kwa fundi. "Fundi wangu, umechoka. Mimi nimekuja kusaidia tu."

"Huyo?" mwalimu akafoka. "Kijana mwenye uso kama huo? Acha mzaha na kesi ya watu!"

Inspekta hakucheka. "Kwenye maelezo yako umesema ulimwona mwizi usoni. Je, huu ndio uso ulioona?"

Fundi akayapima majibu yote mawili. Akisema ndiyo, swali la pili litamwangusha, naye akianguka anaanguka na Radi. Akisema hapana, inabaki sura ya Radi na neno la mwalimu. Akaviangalia vile vidole vilivyoshika sakafu. Kisha akasema haraka haraka, kama mtu anayeng'oa jino lake mwenyewe.

"Nilidanganya, afande. Uso sikuuona. Na hata ningeuona, usingenisaidia. Nyuso hazinikai. Tangu utotoni. Namwona mtu, akigeuka ameshapotea. Nawajua watu kwa viatu, na mwendo, na sauti. Hata huyo mke wangu hapo mlangoni, akinyamaza na akabadilisha viatu, namkosa."

Hakugeuka kuangalia mlangoni. Alisikia kifungo kimoja kikianguka ukumbini na kubiringika.

"Nilikuwa na mwanafunzi wa hivyo," mwalimu akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kila asubuhi ananipita bila salamu. Nilimchapa mwaka mzima nikidhani ni kiburi."

"Viatu vyake ni vile vya kahawia, afande," fundi akaendelea, sasa maji alikuwa ameshayavulia nguo. "Hivyo ndivyo vilivyopita puani kwangu siku ile. Vilimwaga misumari yangu na kuikanyaga. Soli hiyo nilimwekea mimi, nene, hawezi kusikia kitu. Geuza cha kushoto."

Inspekta akakigeuza. Katika soli, karibu na kisigino, kulikuwa na misumari miwili midogo ya fundi, vichwa vinang'aa.

Hapo uso mzuri ukapoteza kazi. Mtanashati aliruka mstari, akafika mlangoni kabla polisi hajainuka, na angeweza kupotea kabisa. Lakini mtu anayepaka rangi mpaka kisiginoni hakimbii barabarani miguu mitupu. Alisimama kuvaa viatu. Walimkamata ameingiza kimoja.

Mkoba ulikutwa chini ya kitanda chake, na vitu vya akina mama wengine watatu waliokuwa wamempa kiti. Ulipoletwa kituoni, mwalimu akaivaa miwani yake palepale, akamtazama Radi kwa mara ya kwanza. Akamtazama sana.

"Wewe... si nilikufundisha wewe?"

"Ndiyo, mwalimu," Radi akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Dawati la nyuma. Shikamoo."

Badala ya kuitikia, mwalimu akamshika mkono.

Kufikia jioni mtaa ulikuwa umeshabadilisha macho. Muuza mboga aliapa kwamba yeye alimshuku Mtanashati siku zote, macho yake yalikuwa yamekaribiana mno. Kinyozi akasema hasa ni midomo. Na Radi, ukimtazama vizuri, ana uso wa huruma, sivyo? Lile kovu ndilo linalompa huruma. Hakuna aliyekumbuka alichokisema juzi. Uzuri wa mkakasi, walisema wote, ndani kipande cha mti, na kila mmoja aliisema kama aliitunga yeye. Fundi naye alichukua ile methali yake ya kisigino akaizika bila matanga.

Yote hayo yalimpita. Aliporudi nyumbani alivikuta viatu vyeusi vyenye bizimu ya shaba mlangoni, na mwenyewe jikoni, mgongo umemwelekea.

"Mama Watoto."

Mkewe akaendelea kusugua sufuria.

"Nilitaka kukwambia."

"Lini?" Mkewe hakugeuka. "Miaka kumi na tisa naisimulia. Nimeisimulia kwenye harusi ya ndugu yako, watu wakalia. Ulikuwa umekaa pale. Siku ile, nijibu kweli, ulimtabasamia nani?"

Fundi akafikiria kudanganya, na akaona kwamba amechoka nayo.

"Mama wa duka la dawa."

Sufuria likatua mezani kwa kishindo. "Mama wa duka la dawa! Yule mnene?"

"Mlivaa viatu vya aina moja."

Mkewe akaenda chumbani, akafunga mlango. Fundi aliketi sebuleni na watoto wake watatu, wote wakimtazama, na aliona aibu kwelikweli, aibu ya mtu aliyeiba kitu asichoweza kukirudisha. Baadaye akasogea mlangoni, akazungumza na ubao.

"La kwanza halikuwa lako," akasema. "Nakiri. Ila kesho yake ulirudi kuvichukua. Nilikuwa nimeinama, nikakusikia kabla hujapita duka la mkaa. Hatua mbili za haraka, ya tatu unaivuta kidogo. Nikasema, ni yule aliyempisha bibi mzee jana, akaniambia, 'Anza na vya mama, vyangu vitangoja.' Nikatabasamu kabla hujafika. Hilo hukuliona, nilikuwa nimeinama. Lakini hilo ni lako."

Mlango haukufunguka.

Asubuhi mke alikuwa ameshaondoka. Fundi alifungua kibanda, akapanga nyundo na gundi, akafanya kazi bila kujua anafanya nini. Kulikuwa na wateja watano wamesimama, wanazungumza wote kwa pamoja habari za kituoni. Wa sita akaja taratibu, akasimama nyuma yao. Hakusalimia. Alikuwa amejifunga kitambaa cha kichwa cha kijani, na amevaa viatu vyekundu vya visigino, viatu vya dada yake fundi. Hatua zake zilikuwa sawasawa, moja, mbili, tatu, zimepimwa, kama za mtu anayepita juu ya mayai.

Fundi hakuinua kichwa. Alikata uzi kwa meno.

"Viatu vya wifi yako vitakuua kidole," akasema. "Yeye anavaa namba ndogo kuliko yako. Vua."

Wateja wakageuka kutazama. Yule wa kitambaa cha kijani akasema, "Nimetembea vingine."

"Umetembea vingine. Lakini umesimama vilevile. Unapumzisha wa kulia."

Hapo Macho Chini akaweka nyundo chini, akainua kichwa mbele ya watu, akamwangalia mkewe usoni. Akaanzia kwenye nyusi zilizokaribiana, akashuka puani, akafika kwenye zile pembe za mdomo, na hakuwa na haraka. Mteja mmoja akakohoa.

"Unatafuta nini?" mkewe akauliza.

"Naangalia."

"Si utasahau?"

"Nitasahau," fundi akasema. "Kesho nitaangalia tena."

Mkewe alimtazama kwa ule uso wake uliokasirika, na waliokuwepo hawakuweza kujua ni hasira au ni nini. Kisha akavuta kigoda cha wateja, akaketi, akavua vile viatu vyekundu, akamnyooshea mguu ulioumia.